Huyu, huyo, yule: unamwitaje jirani yako?

 

Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara, basi umepita Nangurukuru. Ni pale njia inapogawanyika. Ukinyoosha unakwenda Lindi, ukikata kuelekea baharini unakwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko. Basi likisimama pale, sikiliza maneno yanayorushwa mlangoni. “Huyu wangu!” anasema kijana wa bodaboda akishika begi la abiria. “Huyo anakwenda Masoko, mwachie mwenzako.” “Yule mama mwenye kitenge ndiye aliyeniita.” Kabla mguu wako haujagusa ardhi umeshakuwa huyu, huyo au yule, na hakuna aliyeuliza jina lako.

Maneno hayo madogo shuleni tuliyaita viwakilishi, kwa sababu yanasimama mahali pa jina. Yakiandamana na jina, mwalimu wa Kiswahili atakuambia yamekuwa vivumishi. Kwa tafakari ya leo tutayaweka katika kapu moja. Naomba tuyatazame kupitia lugha ambayo wengi wetu tunaidhani ni ya mbali mno, yaani Kilatini. Usiogope, mpendwa. Hutapewa mtihani. Ila ninaamini ukifika mwisho utakuwa umejiuliza swali moja gumu juu ya mdomo wako mwenyewe.

Kilatini kilipofika Kilwa

Mkazi wa Nangurukuru anaweza kusema: Kilatini ni mambo ya Roma, sisi huku yanatuhusu nini? Lakini Kilatini kilisikika Kilwa miaka zaidi ya mia tano iliyopita.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, akubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwezi Julai 1505 zikaja merikebu nyingine za Wareno zikiongozwa na Francisco de Almeida. Askari walishuka Kilwa Kisiwani, mtawala akakimbia, mji ukatwaliwa. Ipo taarifa ya safari ile, nayo inaeleza kilichofuata. Mapadre Wafransisko walishuka pwani na misalaba miwili, wakaandamana huku wakiimba Te Deum mpaka kwenye jumba la mtawala. Msalaba ukawekwa pale, na Almeida akasali. Baada ya sala askari wakaanza kupora mji.

Te Deum ni wimbo wa shukrani wa karne za mwanzo za Kanisa, na jina lake limetokana na maneno yake mawili ya kwanza. Neno la pili, Deum, ni Mungu. Neno la kwanza, te, ni kiwakilishi, nacho maana yake ni Wewe. Wimbo unaanza kwa kumgeukia Mungu uso kwa uso, kabla hata haujamtaja kwa jina.

Basi tafakari siku ile, ndugu yangu. Walioimba na waliopora huenda hawakuwa watu wale wale, lakini walitoka katika merikebu zile zile. Kwa Mungu walikuwa na neno “Wewe”. Kwa mwenye nyumba aliyechukuliwa nafaka na nguo zake, walikuwa na neno gani?

Kilatini kilirudi Kusini baadaye kwa njia ya upole zaidi, mikononi mwa wamisionari waliofundisha na kutibu. Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na katika nyumba zao na makanisa yao Misa iliadhimishwa kwa Kilatini kama ilivyokuwa kwa Wakatoliki wengi duniani. Ndipo tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Kardinali Laurean Rugambwa wa kwetu alishiriki, ulipotoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu. Wazee wengine bado wanaikumbuka Pater noster kwa moyo. Nanyi ndugu wa makanisa mengine, msijione wageni katika somo hili. Biblia ya Kilatini aliyoishughulikia Yeronimo mwishoni mwa karne ya nne ndiyo iliyosomwa na Wakristo wa magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Martin Luther mwenyewe alilelewa nayo.

Mimi na wewe

Tuanze na viwakilishi vya nafsi. Ego ni mimi, tu ni wewe, nos ni sisi, vos ni ninyi. Ile te tuliyoiona ni tu iliyobadilika umbo kwa sababu imekuwa mtendwa, kama sisi tunavyoweka -ku- ndani ya “ninakupenda”.

Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Kitenzi cha Kilatini kinabeba nafsi ndani yake, kama chetu. Tukisema “ninasadiki”, ile ni- imekwisha kutangaza kwamba msemaji ni mimi. Mroma akisema credo, ile -o ya mwisho inafanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo haina haja ya kuongeza ego, ila pale mtu anapotaka kukazia: mimi hasa, si mwingine. Nasi ndivyo tunavyofanya. “Nilivunja” ni habari tu. “Mimi nilivunja” ni kukiri.

Lakini Kilatini kina pengo moja. Hakina neno lake maalumu la “yeye”. Mroma alipotaka kumtaja mtu wa tatu, aliazima neno la kuonesha, ama is ama ille, ni kama kusema “huyo” au “yule”. Mtu unayezungumza naye ana kiwakilishi chake, lakini mtu unayemzungumzia ilibidi anyooshewe kidole.

Fikiri juu ya jambo hilo. Mengi tunayotenda vibaya kwa ulimi tunayatenda katika nafsi ya tatu. Kusengenya hakuna nafsi ya pili. Mbele ya mama fulani tunasema “wewe, dada yangu, habari za nyumbani?” Akishapita mlango wa kanisa anakuwa “yule”. Kama neno ulilolisema juu yake haliwezi kugeuzwa likawa “wewe” na kusemwa mbele yake kwa upendo, lina kasoro.

Kipo pia kiwakilishi cha kujirejea, se, ambacho Kiswahili kinakifanya kwa -ji-: anajipenda, anajisifu. Katika Luka 18, Farisayo aliyepanda hekaluni anasimama kuomba, na Kilatini kinasema aliomba apud se, yaani kwake mwenyewe. Maombi yaliondoka kwake yakarudi kwake.

Karibu na mimi, karibu na wewe, mbali na sisi wote

Sasa tunafika kwenye moyo wa somo. Viwakilishi vya kuonesha vya Kilatini ni vitatu vikuu: hic, iste na ille.

Mwanafunzi wa Uingereza hutaabika navyo kwa sababu lugha yake ina ngazi mbili tu, ya karibu na ya mbali. Mtoto wa Nangurukuru anavielewa kabla hajaingia darasa la kwanza. Hic ni huyu, aliye karibu nami ninayesema. Iste ni huyo, aliye karibu nawe unayesikiliza. Ille ni yule, aliye mbali na sote wawili. Lugha mbili ambazo hazina undugu wowote wa damu zimegawanya dunia kwa namna moja: ya kwangu, ya kwako, ya kule.

Warumi walilijua vizuri jambo jingine tunalolijua sisi pia, kwamba umbali wa maneno haupimwi kwa futi. Mahakamani Roma, wakili aliweza kumwita mteja wake hic, huyu wangu, na mpinzani wake iste, huyo wenu. Cicero, msemaji mkuu wa Warumi, alipomshitaki Verres mwaka 70 kabla ya Kristo kwa wizi na uonevu aliowatendea watu wa Sisilia, alimwita iste mara nyingi mno. Kwa matumizi ya namna hiyo neno lenyewe likapata harufu ya dharau. Nasi tunaijua harufu hiyo. “Huyo?” tunauliza, na mdomo unapinda kidogo. Hatujamtukana mtu, lakini kila aliyesikia ameelewa.

Usidhani basi kwamba kumwita mtu “huyu” kunatosha. Yule Farisayo wa Luka 18 alimtaja mtoza ushuru kwa hic, huyu, ingawa Luka anatuambia mtoza ushuru alikuwa amesimama mbali. Alimsogeza karibu kwa sababu moja tu, apate mtu wa kujilinganisha naye. Tunaweza kumtaja mtu kwa neno la karibu na moyo ukabaki kule.

Na kuna hatua iliyo mbaya kuliko “yule”. Kiswahili kinampa binadamu ngeli yake: huyu, huyo, yule. Kitu kina hiki, hicho, kile. Kilatini nacho kina umbo la tatu, hoc, kwa kisicho mume wala mke. Mtu akikasirika na kusema “kile” juu ya mwenzake, amemtoa katika ngeli ya watu.

Watu wa Kilwa wanajua jambo hilo lilifika wapi. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Misafara ilitoka huko bara, hadi upande wa Ziwa Nyasa, na waliofika pwani wakiwa hai walipakiwa kupelekwa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Waroma nao walikuwa hivyo hivyo: mwandishi wao Varro aliwahesabu watumwa katika zana za shamba, zile zana zinazosema. Lakini angalia sarufi, mpendwa msomaji. Hata siku za biashara ile Kiswahili hakikuacha kusema mtumwa, watumwa, huyu, hawa. Neno lilibaki katika ngeli ya mtu, na Mroma aliyemnunua mtumwa bado alimwita hic. Lugha iliendelea kushuhudia kwamba ni mtu, hata pale mnunuzi alipokuwa akihesabu vichwa.

Wangu, wako, wake

Viwakilishi vya kumiliki vya Kilatini ni meus, wangu, tuus, wako, noster, wetu, vester, wenu. Kwa nafsi ya tatu Kilatini kina ujanja ambao Kiswahili hakina.

Chukua sentensi hii: “Mjomba alivuna korosho zake.” Korosho za nani? Zake mwenyewe, au za mpwa wake yatima aliyeachiwa shamba na marehemu baba yake? Kiswahili kinaruhusu zote mbili, na mjomba mjanja anaweza kujificha humo. Kilatini kingemlazimisha aseme. Kama ni zake mwenyewe, atumie suas. Kama ni za mwingine, atumie eius. Hakuna neno la katikati.

Kuna familia ngapi pwani yetu zilizogawanyika juu ya minazi, mikorosho na viwanja kwa sababu ya “zake” moja isiyoelezwa? Na Bwana akituuliza siku ile juu ya shamba la mjane, hatatuuliza kwa Kiswahili cha kujifichia. Kama upo katika jambo la namna hiyo leo, msomaji wangu, kabla ya Jumapili ijayo jiulize kwa unyofu: ni suas au ni eius?

Sasa soma tena Luka 15, habari ya mwana mpotevu, ukiangalia maneno haya madogo. Mdogo amerudi, ngoma zinalia, mkubwa amekataa kuingia. Anapomlalamikia baba yake hasemi “ndugu yangu”. Anasema mwana wako, tuus. Mdogo amekuwa mali ya baba, si ndugu wa mtu tena. Baba hamkemei. Katika jibu lake anamtaja kijana yule yule, lakini anamwita ndugu yako. Bado ni tuus, ila sasa linaelekea kwa mkubwa. Mkubwa alimsukuma mdogo wake kwa neno moja, na baba akamrudishia kwa neno lile lile. Luka hatuambii kama mkubwa aliingia ndani. Jibu limeachwa kwetu.

Na noster? Bwana alipotufundisha kusali hakutufundisha Baba yangu. Hata ukisali chumbani peke yako usiku wa manane, unasali Baba yetu, na katika hiyo “yetu” wameingia watu ambao hukuwaalika. Aliyekudhulumu yumo. Aliyekushinda uchaguzi wa wazee wa kanisa yumo.

Ila “yetu” nayo inaweza kugeuzwa ukuta. Kilatini na Kiswahili vyote viwili havioneshi kama “yetu” inamjumuisha anayesikiliza au inamwacha nje. “Mtaa wetu” inaweza kuwa mimi na wewe, inaweza kuwa sisi bila wewe. Kilwa wengi ni ndugu zetu Waislamu, na Wakristo wengi wamekuja kwa kazi: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara. Ni rahisi wenyeji na wakuja kila mmoja kuwa na “yetu” yake. Mkristo anayesali Baba yetu alfajiri, huku adhana ikisikika mtaa wa pili, akumbuke kwamba Muumba wa jirani yake ni yule yule. Kama “yetu” yake haina nafasi ya kumpa pole jirani aliyefiwa na kukaa naye kwenye mkeka, atakuwa amesali maneno na kuacha sala.

Yule aliye...

Kiwakilishi cha urejeshi katika Kilatini ni qui, quae, quod. Sisi tunatumia “ambaye” au ile -ye ndani ya kitenzi: aliyekuja, anayeuza, atakayerudi. Ni neno linalomfunga mtu na tendo.

Sala za Kanisa la kale zimejaa qui. Zinamtaja Mungu kwa matendo yake: aliyeumba, aliyeokoa, anayeondoa dhambi. Hiyo ni heshima, kumwita mtu kwa jema alilotenda.

Lakini tazama tunavyowataja wanadamu wenzetu. Yule aliyezaa kabla ya ndoa. Yule aliyefukuzwa kazi. Yule aliyetoka jela. Yule aliyekula fedha za kikoba. Kijana alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mambo yakamshinda, akarudi na begi lile lile aliloondoka nalo. Anashuka Nangurukuru jioni, na kabla hajafika nyumbani ameshapata jina: yule aliyeshindwa mjini. Siku moja ya maisha yake, ile mbaya kuliko zote, imegeuzwa kuwa yeye. Atakaa kijijini miaka 20, atalima ufuta, ataoa, atasomesha watoto, na bado tutamfunga na ile -ye.

Mwana mkubwa wa Luka 15 alifanya hivyo hivyo. Hakuishia kusema mwana wako, aliongeza qui, akamtaja mdogo wake kwa mali aliyoila na makahaba. Baba alimtaja kwa jambo jingine: alikuwa amekufa, sasa yu hai. Wote wawili walisema kweli. Tofauti ni kweli ipi uliyochagua kumfungia mwenzako.

Nani? Mtu mmoja

Tumebakiwa na viwili. Quis ni kiulizi, nani. Quidam ni kile cha mtu asiyetajwa, yaani fulani, mtu mmoja.

Katika Luka 10 mwanasheria anamuuliza Yesu swali la quis: jirani yangu ni nani? Anataka orodha. Anataka ajue ni akina nani wanaoingia katika meus na wangapi anaruhusiwa kuwaacha nje. Yesu anajibu kwa quidam. Mtu mmoja alikuwa akisafiri. Hatuambiwi kabila lake, wala dini yake, wala alikuwa na fedha kiasi gani. Anyang’anywapo nguo, hata vazi la kumtambulisha halipo tena. Ni mtu, kando ya barabara.

Watu wa barabara hii ya Kusini wanaielewa habari hiyo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake viliharibu barabara kuu eneo la Somanga, wilayani Kilwa hapa hapa, na safari kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara zikasimama. Ndani ya basi lililokwama kila abiria ni quidam. Mtu mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Mtu mmoja anayewahi mazishi. Aliye kando ya barabara anapoliona basi hilo hana muda wa kuuliza swali la mwanasheria. Ama atampa mtu mmoja maji, ama atampandishia bei.

Mwisho wa mfano Yesu anarudisha quis, lakini ameigeuza. Haulizi tena nani anastahili kuwa jirani wa mwanasheria. Anauliza nani kati ya wale watatu alikuwa jirani kwa aliyepigwa. Na mwanasheria, ambaye huenda jina la Msamaria halikutaka kutoka mdomoni mwake, anajibu kwa kiwakilishi cha urejeshi: ni aliyemhurumia. Bila kutaka, amempa Msamaria ile -ye iliyo bora kuliko zote. Wewe, ndugu msomaji, watu wakikutaja baada ya kuondoka kwako, ungependa wakufunge na tendo gani?

Hawa ndugu zangu

Nimalizie na Mathayo 25, pale Mfalme anapowatenganisha watu kama mchungaji atenganishavyo kondoo na mbuzi. Anawataja wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa. Sisi tumezoea kuwaita wale. Wale maskini, wale wafungwa, wale wagonjwa.

Katika Kilatini cha Yeronimo Mfalme hasemi wale. Anatumia hic katika umbo la wingi, pamoja na meus: hawa, ndugu zangu. Ni neno la walio karibu na msemaji. Maana yake, siku ile wadogo wote tuliowaita yule watakuwa wamesimama pembeni mwa kiti cha enzi, karibu kiasi cha Mfalme kuweza kuwagusa bega.

Sasa fungua Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyo mikononi mwa wengi wetu, mstari wa 40. Humo limewekwa hao. Ni kweli kwamba hao hutumika pia kwa watu waliokwisha kutajwa, na huenda ndivyo wafasiri walivyokusudia. Lakini sikio la Mswahili linasikia pia maana ile nyingine: hao walio karibu na wewe unayesikiliza. Kilatini kinawaweka wadogo karibu na Kristo, na Kiswahili kinawaweka karibu nasi. Sioni ugomvi hapo. Kama wako karibu naye, na wako karibu nawe, basi hujui wewe mwenyewe umesimama karibu na nani?

Kwa hiyo nakupa kazi ya wiki, ndogo lakini si nyepesi. Chagua mtu mmoja ambaye kwa muda mrefu amekuwa “yule” nyumbani kwako au katika jumuiya yako. Usianze kwa kumpelekea zawadi, wala usianze kwa kumshauri. Anza kwa kujifunza jina lake lote, kama hulijui. Kisha umtembelee na umwite “wewe”, kwa kumtazama, kama Te Deum inavyomgeukia Mungu. Ukirudi nyumbani na watu wakiuliza ulikuwa kwa nani, uwaambie bila kupindisha mdomo: nilikuwa kwa ndugu yangu.

Bwana, uliyetuita kwa majina yetu, utulinde ndimi zetu wiki hii. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.